Dakika mbili zisizoisha: skrini za treni za London zinajua nini?

"Shikamoo mhandisi. Naishi nje kidogo ya London na kila asubuhi napanda treni kwenda kazini mjini. Ubao wa jukwaani unaandika treni inakuja baada ya dakika 2. Nangoja dakika 5, bado ni 2. Wakati mwingine simu yangu inasema hivi na ubao unasema vile. Hivi karibuni baba yangu alikuja kutoka Tanga kututembelea. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo nilimwambia afuate skrini ya ndani ya behewa. Ikaandika jina la kituo chetu, akateremka, kumbe yuko kituo kimoja kabla. Akakaa pale kwenye baridi karibu saa nzima, akiona haya kumuuliza mtu. Mfanyakazi mwenzangu anasema kampuni zinazichezea skrini makusudi ili zisilipe fidia ya kuchelewa. Mimi nauliza: treni si zina GPS? Inakuwaje wasijue ilipo? Na je, nimruhusu baba asafiri peke yake tena au nimkatalie?"

Marahaba, na umpe baba pole nyingi. Saa nzima kwenye jukwaa la ugenini, bila kusikia tangazo hata moja, si jambo dogo kwa mzee. Kazi yangu ni mifumo ya taarifa za abiria wa reli, na barua kama yako ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu kwa mtu asiyesikia skrini ndiyo sauti pekee ya treni. Ikikosea, hana pengine pa kuhakikishia.

Umeuliza kama kwamba ni kitu kimoja, ila humo ndani mna mifumo miwili. Upo ubao wa jukwaani, unaokuambia treni itafika lini, na ipo skrini ya ndani ya behewa, inayokuambia kituo kinachofuata. Mara nyingi miwili hii haili chungu kimoja: kila mmoja una chanzo chake cha habari na unakosea kwa namna yake. Nianze na ubao.

Hili la kuchezewa makusudi tulitoe njiani kwanza. Fidia ya kuchelewa huko Uingereza haihesabiwi kwa kile kilichoandikwa ubaoni. Huhesabiwa kwa saa uliyofika kweli mwisho wa safari yako, ikilinganishwa na ratiba, na saa za kufika kwa treni hurekodiwa na mitambo ya njia ya reli yenyewe. Kwa kampuni nyingi zinazoihudumia London, ukichelewa dakika 15 unastahili robo ya nauli ya safari hiyo, ukifika dakika 30 ni nusu, na ikipita saa nzima ni nauli yote. Una siku 28 za kudai. Ubao hata ungeapa kwamba treni imewahi, dai lako liko palepale. Kwa hiyo hakuna faida ya kuuchezea. Mwambie mwenzako hivyo, na mwambie pia adai fidia zake, maana watu wengi wanaoudhika na skrini huacha fedha yao huko.

Sasa GPS. Ni kweli treni nyingi za sasa zina vipokezi vya satelaiti. Lakini dakika unazoziona jukwaani, kwenye njia nyingi za reli za Uingereza, hazitoki angani. Zinatoka chini, kwenye reli na taa za ishara, katika teknolojia ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1872. Mwaka huo Mmarekani William Robinson alipata hataza ya wazo rahisi na la ajabu: pitisha umeme mdogo ndani ya reli mbili za kipande fulani cha njia, treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake (vyuma vinavyounganisha magurudumu ya pande mbili) zinaunganisha reli hizo, umeme unapita njia ya mkato, na taa ya ishara iliyo njiani nyuma ya treni inawaka nyekundu. Siku hizi sehemu nyingine hutumia vifaa vinavyohesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka, ila lengo ni lilelile: kuhakikisha treni mbili haziingii kipande kimoja kwa wakati mmoja. Mfumo huu ulijengwa ili watu wasife. Habari za abiria zilikuja kudandia baadaye sana.

Ndiyo maana mfumo huu unajua unachokijua na haujui zaidi. Kila treni hupewa utambulisho wa alama nne, tuseme 2B17. Kwenye kompyuta za waongoza treni, yaani wale wanaosimamia taa za ishara, njia nzima imegawanywa katika visanduku, kwa kawaida kimoja kwa kila taa. Treni ikipita taa, 2B17 inahama kutoka kisanduku kimoja kwenda kinachofuata. Kompyuta inajua imeingia kisanduku gani na saa ngapi. Haijui iko mwanzo wa kisanduku au mwishoni, inakwenda kasi au imesimama. Ni sawa na wewe kungojea basi la shamba huku ndugu wa kila kijiji wanakupigia simu: "limepita hapa sasa hivi". Kati ya simu na simu unakisia tu, na likipasuka gurudumu katikati ya vijiji viwili, hakuna wa kukupigia.

Hapo ndipo dakika zako mbili zinapokwama. Karibu na stesheni kubwa vipande ni vifupi, mita mia chache. Nje ya mji kipande kimoja kinaweza kupita kilomita. Tuseme treni yako imeingia kipande cha mwisho kabla ya kituo chenu. Kompyuta inajua kwa kawaida hapo hutumia dakika 2, basi inaandika 2. Lakini treni imekuta taa nyekundu kwa sababu nyingine bado iko jukwaani mbele yake. Dakika 2 zinapita, 2B17 haijahama. Mfumo hauna habari mpya, unachoweza kufanya ni kusogeza makadirio mbele kidogo, tena na tena. Unachokiona ni kisio lilelile likisukumwa. Hakuna aliyeona treni ikiwa umbali wa dakika mbili.

Makadirio hayo hutengenezwa na mfumo wa kitaifa uitwao Darwin, unaolisha mbao nyingi za vituoni na programu nyingi za simu nchini humo. Darwin huchukua ratiba, huchukua mienendo ya visanduku, na huchukua yale ambayo watu wa vyumba vya uendeshaji wameyaingiza kwa mkono: treni imefutwa, itaruka vituo fulani, imebadilishwa jukwaa. Halafu hupiga hesabu ya mbele: kutoka hapa ilipo, kwa muda wa kawaida wa kila kipande na kila kituo, itafika saa ngapi kwenu. Siku ya kawaida hesabu hii ni nzuri kuliko watu wanavyoisifu.

Siku ya vurugu ndipo inapoumbuka, na sababu kubwa ni watu, mitambo haina kosa hapo. Chukulia treni yako inaanzia stesheni ya mwisho wa njia. Kabla ya kuondoka, treni hiyohiyo lazima ifike kutoka safari iliyotangulia, abiria wateremke, dereva atembee hadi upande wa pili. Ikiwa safari iliyotangulia imechelewa dakika 20 na mfumo haujaunganishiwa kwamba ni treni ileile, ubao utaendelea kuandika kwamba yako itaondoka kwa wakati hadi dakika ile yenyewe ipite. Au dereva wa kupokezana amekwama kwenye treni nyingine. Hakuna kihisi cha kugundua dereva hayupo. Mpaka mtu chumba cha uendeshaji aamue treni ifutwe au ingojee, kisha aandike, ubao hauna cha kusema. Na mtu huyo, saa ya vurugu, anaamua kuhusu treni nyingi kwa pamoja.

Kuna pia neno ambalo abiria wanalichukia kuliko yote: "Delayed", peke yake, bila saa. Mimi nakuomba ulipokee kama taarifa ya maana. Linakuambia kwamba imechelewa na hakuna msingi wa kukupa saa. Ukiliona, usikae ukihesabu dakika. Tafuta njia nyingine mara moja: treni ya njia ya pili, basi, au mtu wa kumpigia kazini.

Kuhusu simu kusema hivi na ubao vile: programu nyingine huchota moja kwa moja kutoka Darwin, nyingine hupiga hesabu zake zenyewe, na nyingine hukuonyesha picha ya dakika moja au mbili zilizopita bila kukuambia. Kwa upande mwingine, wafanyakazi wa kituo wanaweza kubadilisha ubao wao papo hapo. Ushauri wangu ni huu: kwa namba ya jukwaa, uamini ubao na mtu wa kituoni kuliko simu. Kwa kujua kama treni kweli inakuja, tumia simu, lakini usiangalie dakika. Angalia imepita wapi. Tovuti ya Realtime Trains, kwa mfano, inaonyesha saa halisi treni ilipoondoka kila kituo. Ukiona imeondoka vituo viwili kabla ya chenu, una habari. Ukiona kituo cha mwisho kurekodiwa kilikuwa robo saa iliyopita, una habari pia, hata kama haipendezi. Kwa maoni yangu hiki ndicho ambacho mbao za vituoni zingepaswa kuandika siku za vurugu: "imeonekana mara ya mwisho kituo fulani, saa fulani". Abiria ni watu wazima, wakipewa ukweli wanajua la kufanya nao.

Zipo sehemu zenye hali bora. Katikati ya London, kati ya stesheni za St Pancras na Blackfriars, treni za Thameslink, zinazoupita mji kutoka kaskazini hadi kusini, huendeshwa kwa mfumo ambao treni yenyewe huripoti ilipo kwa redio mara kwa mara. Baadhi ya njia za chini ya ardhi nazo zina mitambo inayoijua treni kwa karibu zaidi. Ndiyo maana ukiwa mjini ndani dakika zinaonekana kutii, na ukitoka nje zinayumba.

Sasa tuje kwa baba, maana huku ndiko kwenye uzito.

Skrini ya ndani ya behewa haiulizi visanduku vya waongoza treni. Ndani ya treni mna kompyuta yenye orodha ya vituo vya safari hiyo, na kazi yake ni kujua iko mstari wa ngapi kwenye orodha. Inajua kwa njia tatu zinazosaidiana. Ya kwanza ni satelaiti, hiyo GPS uliyoitaja. Ya pili ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu ili ijue umbali. Ya tatu ni milango: imefunguliwa, imefungwa, basi kituo kimoja kimekwisha.

Kila moja ina udhaifu wake. Satelaiti haionekani kwenye mahandaki, na katikati ya majengo marefu hutoa jibu la kubabaisha. Gurudumu nalo linalika. Gurudumu la kipenyo cha milimita 840 likilika hadi 790, mzingo wake umepungua kwa karibu asilimia 6. Kompyuta ikiwa bado inadhani ni jipya, kwenye kilomita 10 itaamini imekwenda zaidi ya mita 600 mbele ya ilipo, na 600 zinatosha kuipitisha kituo kizima mjini. Kwa hiyo mafundi huingiza kipimo kipya kila gurudumu linapochongwa, na kompyuta hujisahihisha inapopata satelaiti tena. Milango ndiyo inayoleta kosa lililompata baba, kwa jinsi ulivyolieleza. Skrini iliyotangulia kituo kimoja mara nyingi ni ya treni iliyofungua milango mahali ambapo orodha haikutarajia, au iliyosimamishwa kituo cha ziada siku hiyo. Kompyuta ikahesabu, ikasogea mstari mmoja, na kuanzia hapo kila jina likawa la mbele. Hutokea pia dereva au mfumo kupakia orodha ya safari isiyo yenyewe. Siwezi kuapa ni lipi lililotokea siku ile, ila dalili inaelekea huko.

Jambo moja hapa halina utetezi. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 ziliweka masharti kwamba treni mpya ziwe na matangazo ya kuonekana na ya kusikika pia, na tarehe ya mwisho ya treni zote za abiria kufikia viwango vya watu wenye ulemavu ilikuwa mwanzoni mwa 2020, ingawa baadhi ya treni za zamani zilipewa muda zaidi. Sheria ilidai vyote viwili kwa kuwa kuna asiyeona na kuna asiyesikia. Dereva akitambua skrini imekosea, mara nyingi atatangaza kwa mdomo. Anayesikia amesahihishwa. Baba yako je? Skrini ambayo imepotea inafaa izimwe mara moja. Skrini nyeusi inamfanya mtu atazame dirishani, lakini jina lisilo sahihi lenye mwanga mzuri linamteremsha njiani.

Kabla sijamaliza habari za skrini hizo, lipo jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui. Kwenye treni za Thameslink za aina ya Class 700, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2016, skrini huonyesha pia behewa lipi limejaa na lipi lina nafasi. Hakuna kamera inayohesabu vichwa kwa ajili hiyo. Behewa limekalia mifuko ya hewa, na mgandamizo wa hewa hiyo hupimwa ili breki zijue uzito wa kusimamisha. Kipimo hichohicho ndicho kinachogeuzwa rangi kwenye skrini. Mzee akitaka kiti, ni msaada wa kweli, na hauhitaji sikio.

Je, asafiri peke yake? Ningekuwa wewe, nisingemkatalia. Mzee aliyetoka Tanga hadi London ana akili ya safari. Kilichomkosesha ni kuachiwa chanzo kimoja tu cha habari. Nyumbani angemwambia konda "nishushe pale", na konda angemshusha. Kwenye treni nyingi za London kuna dereva peke yake, na abiria wamezama kwenye simu zao, kwa hiyo huyo konda inabidi mumtengeneze wenyewe.

Mwandikie kwa mkono, herufi kubwa, orodha ya vituo vyote kuanzia anapopanda, na saa ya treni anayoipanda. Viwili vya mwisho kabla ya chenu vipigie mstari. Mfundishe sheria moja: jina la kituo lililoandikwa kwenye nguzo na kuta za jukwaa ndilo mwamuzi, skrini ni mshauri. Treni ikisimama atazame nje kwanza, ndipo ainuke. Kama itambidi aharakishe kwa sababu hiyo, akae karibu na mlango. Simu yake iwe na ramani inayoonyesha alipo. Ni satelaiti nyingine, iliyo huru na kosa la kompyuta ya treni. Na safari mbili tatu za mwanzo mfuatane naye, yeye akiongoza na wewe ukinyamaza, uone anapobabaika.

Kisha usione tabu kutumia msaada uliopo. Huduma ya kusaidia abiria iitwayo Passenger Assist ni ya bure, na tangu 2022 inaweza kuombwa hadi saa mbili kabla ya safari. Mfanyakazi atampokea, atampandisha, na mwenzake atamngoja anakoshukia. Watu wengi hudhani ni ya wenye viti vya magurudumu peke yao. Asiyesikia vizuri anastahili kabisa. Kuna pia mkanda wa shingoni wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016. Wafanyakazi wa reli wanautambua kuwa alama ya mtu mwenye shida isiyoonekana kwa macho. Kama baba anaona haya kumuuliza mtu, mkanda ule unamwanzishia mazungumzo. Kama anatumia kifaa cha kusikia, dirisha la tiketi lenye alama ya sikio na herufi T litapeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chake, akikiweka katika hali hiyo.

Kuna nyakati ambazo skrini na simu ziwekwe pembeni na mtu wa ana kwa ana atafutwe bila kungoja: treni imesimama katikati ya njia kwa muda mrefu, watu wote wanateremka kituo asichokijua, jukwaa limebadilishwa dakika za mwisho, au amekuta kituo hakina mtu na giza limeingia. Zile nguzo za kubonyeza na kuongea zilizopo majukwaani hazitamfaa sana mtu asiyesikia, kwa hiyo awe na namba ya maandishi ya polisi wa reli, 61016, kwa yasiyo ya dharura. Kwa dharura, 999 hupokea ujumbe mfupi kutoka laini ya simu ya Uingereza, ila simu lazima iwe imesajiliwa kabla: atume neno "register" kwenda 999 na afuate maelekezo. Fanyeni hivyo leo mkiwa mmetulia sebuleni.

Mwisho, lalamika kuhusu siku ile. Kampuni haiwezi kurekebisha skrini isiyoijua, na malalamiko mengi hufika yakisema "skrini yenu mbovu" bila zaidi. Wewe andika tarehe, saa ya treni, kituo alichopandia, jina lililoandikwa na kituo alichoteremka. Kama kuna aliyeiona namba ya treni, ile ya tarakimu sita inayoandikwa mbele na ndani ya mabehewa, iweke. Kwa namba hiyo fundi anaweza kufungua kumbukumbu za kompyuta ya treni na kuona ni kituo gani hesabu iliruka. Kama hakuna, tarehe na saa zinatosha kuitafuta. Eleza wazi kwamba abiria hasikii vizuri na skrini ndiyo iliyomteremsha, kwa sababu hapo linakuwa suala la haki ya mwenye ulemavu na linapaswa kushughulikiwa hivyo. Wasipokujibu vya kuridhisha, Rail Ombudsman husikiliza malalamiko ya abiria bila malipo.